Adabu ya Kurudi Hewani

Wingu la masika likivuka milima ya Uluguru kutoka upande wa bahari, huanza kwa vijiji vya Kinole na Matombo, hukwea vilele vya Bondwa na Lupanga, kisha hushusha kilichobaki juu ya mji wa Morogoro. Miteremko ya mashariki hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mji, uliojikinga nyuma ya milima, hupata chini ya nusu yake. Maji hayo ndiyo Mto Ruvu, ndiyo bomba la Dar es Salaam, ndiyo kabichi na njegere za Mgeta. Lakini kwa dishi lililofungwa juu ya paa la zahanati au shule ili lizungumze na setilaiti, wingu hilohilo ni ukuta. Mvua ikikolea, kifaa hakisikii tena kitu kutoka angani. Muuguzi aliyekuwa akiingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta anaona ukurasa umeganda, anatazama taa ya modemu, kisha anasema maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: mtandao umekata.

Ninataka kuzitafakari dakika zinazofuata baada ya maneno hayo. Kukatika kwa mtandao tunakuona na tunakulalamikia. Kurudi kwake hatukutazami. Taa ikiwaka kijani tunashika kazi. Hata hivyo ni katika kurudi, kuliko katika kukatika, ndipo penye elimu ya namna watu wengi wanavyoweza kutumia njia moja nyembamba bila kuumizana. Elimu hiyo ina wenyewe, ina hesabu, na ina adabu zake. Nadhani sisi wa nchi zinazogawana mambo mengi machache tunaihitaji nje ya mitambo pia.

Kwanza, kwa nini setilaiti. Mnara wa simu hutegemea kuonana: mawimbi yake huenda karibu moja kwa moja, na mlima hauyapishi. Kilele cha Bondwa, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,000, kimebebeshwa minara ya mawasiliano kwa kuwa ukiwa pale mji na tambarare zake viko chini ya macho yako. Mabonde yaliyo nyuma ya kilele hayana bahati hiyo. Kijiji kinaweza kuwa kilomita chache tu kutoka mjini kwa mwendo wa kunguru na bado kikawa kizani, kwa sababu kati yake na mnara umesimama mgongo wa jiwe na msitu.

Setilaiti haijali mgongo huo. Zile za mawasiliano tulizozizoea ziko juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, zikizunguka pamoja na dunia kwa kasi inayozifanya zionekane zimesimama mahali pamoja. Mwingereza Arthur C. Clarke alilieleza wazo hilo mwaka 1945, miaka 12 kabla ya setilaiti yoyote kurushwa. Mkazi wa London anayetafuta setilaiti hizo hutazama chini kuelekea kusini, nyuzi 31 hivi tu juu ya upeo, na jengo la jirani linaweza kumziba. Sisi tulio nyuzi 7 kusini mwa Ikweta tunaitazama setilaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi kwa nyuzi 65 hivi, na iliyo juu ya Afrika Mashariki yenyewe iko karibu utosini. Hata aliye ndani ya korongo la Uluguru ana mbingu yake. Katika jambo hili jiografia imetutendea wema, na wema huo ulianza kutumika zamani: kituo cha Longonot nchini Kenya kilifunguliwa mwaka 1970 kikihudumia Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 Tanzania ilijenga kituo chake Mwenge, Dar es Salaam. Hadi nyaya za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 zilipofika, karibu kila barua pepe iliyovuka mipaka ya nchi yetu ilipitia angani.

Tatizo la setilaiti ni bei, na bei ndiyo iliyoleta kugawana. Kukodi masafa ya setilaiti kwa ajili ya ofisi moja tu ni mzigo usiobebeka kwa zahanati, shule, kituo cha mafuta au tawi la benki wilayani. Vyuo vikuu vyenyewe vilielemewa. Katika muongo wa kwanza wa karne hii vyuo kadhaa vya Afrika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo, viliungana kununua masafa kwa pamoja ili bei ishuke. Kwa wadogo, dawa iliyopatikana ni hii: kituo kikuu kimoja chenye dishi kubwa, na chini yake makumi au mamia ya vituo vya mbali vyenye madishi madogo, vyote vikirusha kwenye masafa yaleyale. Njia ni moja. Wenye haja ni wengi. Mmoja akirusha huku mwenzake naye anarusha, ujumbe wa wote wawili huharibika.

Ugumu wake hauonekani mpaka ukumbuke umbali. Wimbi kutoka ardhini hadi setilaiti na kurudi ardhini huchukua karibu robo sekunde. Maana yake, kituo cha Mgeta hakiwezi kusikiliza kwanza kama kituo cha Kinole kinarusha ndipo nacho kianze. Ukimya kinaousikia ni wa robo sekunde iliyopita, na mengi yamekwisha kutokea tangu hapo. Kikituma ombi kwa kituo kikuu, jibu huja baada ya nusu sekunde hivi, kabla hujahesabu muda wa mitambo kufikiri. Kila mmoja yuko peke yake na taarifa za zamani. Kwa hiyo mpangilio hauwezi kutegemea kuchungana. Unahitaji kanuni ambazo kila mmoja anazishika hata asipomwona mwenzake.

Kanuni ya kwanza ilitoka visiwani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii walihitaji kuunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Mtandao wao, ALOHA, ulianza kazi mwaka 1971 kwa kanuni nyepesi ya ajabu: mwenye ujumbe autume, asipopata jibu, ajue umegongana na mwingine, asubiri muda wa kubahatisha, autume tena. Hesabu ilionyesha kuwa kwa utaratibu huo njia haiwezi kubeba vizuri zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Lawrence Roberts akaongeza sharti moja: muda ukatwe vipande sawa, na kila mtu aanzie mwanzo wa kipande. Kiwango kikapanda mara mbili, hadi asilimia 37 hivi. Nidhamu ya kuanza kwa wakati, peke yake, bila mtambo mpya wala pesa mpya, iliongeza uwezo wa njia ileile maradufu.

Asilimia 37 bado ni ndogo kwa kitu kinacholipiwa kwa dola. Ndiyo maana mifumo ya leo huchanganya njia mbili. Ndani ya mtandao kuna zamu: kituo kikuu hugawa muda kuwa vipande vya sehemu ndogo sana za sekunde, na kila kituo huambiwa kipande chake. Wakulima wa mboga wa Mgeta wanalielewa jambo hili bila kufundishwa na mhandisi, kwa kuwa mfereji mmoja humwagilia bustani nyingi kwa sharti kwamba kila mtu afungue maji saa yake na kuyafunga saa yake. Mlangoni, hata hivyo, hakuna zamu. Kituo kipya, au kilichoanguka na kutaka kurudi, hakijulikani bado. Kituo kikuu hakiwezi kumpa zamu asiyejulikana kama yupo. Basi huachwa vipande vichache wazi kwa yeyote kubisha hodi, kwa kanuni ya ALOHA. Ndani ni ratiba, mlangoni ni bahati nasibu. Mfumo mzima umesimama juu ya miguu hiyo miwili.

Tukitazame kituo kinavyobisha. Hatua ya kwanza ni kusikiliza tu. Kituo kikuu hurusha mkondo wake bila kukoma, na ndani ya mkondo huo hutaja jina la mtandao, masafa ya kutumia, mpangilio wa vipande, na mapigo ya saa. Katika kiwango cha DVB-RCS kilichotungwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, saa hiyo ina mapigo milioni 27 kwa sekunde, na kila kituo cha mbali hujijengea saa yake kwa kuyafuata mapigo hayo. Hadi hapo hakijarusha hata neno moja. Hakiruhusiwi.

Hatua ya pili ni kujua kilipo. Fundi anapofunga dishi huingiza latitudo, longitudo na mara nyingi kimo cha mahali, na wengi hudhani ni kujaza fomu. Ni zaidi ya hapo. Setilaiti ikiwa juu ya Bahari ya Hindi, Kinole iko karibu nayo kuliko Mgeta kwa takriban kilomita 10, na mwanga huzipita kilomita hizo kwa sehemu zaidi ya 30 za milioni za sekunde. Panda kutoka Msamvu, mjini Morogoro, hadi kilele cha Bondwa, umeisogelea setilaiti kiasi cha kuwahi kwa sehemu kama 5 za milioni. Tofauti hizi hazina maana kwa binadamu. Kwa kituo kinachorusha alama milioni moja kwa sekunde, sehemu 30 za milioni ni alama 30 zinazoangukia kipande cha jirani. Tarakimu za fundi zikikosewa sana, kituo kitasikia kila kitu na kisisikilizwe kamwe, kwa kuwa kila kikisema kinasema nje ya wakati.

Hatua ya tatu ni hodi yenyewe: mlipuko mfupi wa mawimbi, wenye kitambulisho cha kituo na kidogo kingine, uliotumwa ndani ya kipande cha wazi chenye nafasi ya ziada pande zote mbili, kwa sababu mgeni hatarajiwi kuwa sahihi. Katika mifumo mingi hodi huanza kwa nguvu ndogo, kisha hupandishwa kidogo kidogo isipojibiwa, ili mgeni asiwazibe masikio walio ndani. Hatua ya nne ni kusahihishwa. Kituo kikuu kikiisikia hodi, hupima mambo matatu: umechelewa au umewahi kiasi gani, masafa yako yamepinda kiasi gani, sauti yako ni kubwa au ndogo kiasi gani. Kinakurudishia vipimo hivyo. Unajirekebisha, unarusha tena, kinapima tena, mpaka kosa liwe dogo la kutosha. Ndipo unapopewa zamu.

Hapo ndipo ninaposimama kwa muda mrefu kuliko pengine. Usawa wa mfumo huu hautokani na kuwatendea wote namna moja. Kila kituo hupewa sahihisho lake, kwa kadiri ya umbali wake, kimo chake na hali ya mitambo yake, ili wote wafike juu kwa wakati mmoja. Anayeishi mbali zaidi huambiwa arushe mapema zaidi. Kipimo kimoja kwa wote kingewaangusha wote.

Uluguru inaijua hasara ya kipimo kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na amri yake kubwa ilikuwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kulinda udongo na vyanzo vya maji haikuwa mbaya. Matuta yalifaa sehemu za Mgeta, ambako mboga na umwagiliaji viliwalipa wakulima jasho lao. Upande wa Matombo, penye mvua nyingi na udongo mwembamba juu ya mteremko, kuchimba ngazi kulifukua udongo usio na rutuba, na Waluguru waliotozwa siku za kazi waliona nguvu zao zinazikwa bure. Waliosema hawakusikilizwa. Mwaka 1955 vurugu zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Mamlaka iliyogawa kazi ilikuwa haijapima umbali wa kila mmoja kutoka kwenye faida iliyoahidiwa. Ilirusha amri, haikupokea vipimo. Mhandisi wa setilaiti angeieleza hasara ile kwa maneno machache: kituo kikuu kilikosa mkondo wa kurudi.

Kuingia hakumalizi kazi. Setilaiti tunayosema imesimama haijasimama kabisa; mvuto wa jua na mwezi na umbo la dunia lisilo mviringo kamili huitikisa, nayo huyumba kila siku ndani ya anga la makumi ya kilomita, huku waongozaji wake wakiirudisha mara kwa mara kwa mafuta kidogo. Umbali uliopimwa asubuhi si wa jioni. Hivyo kituo chenye zamu huendelea kutuma vipande vidogo vya kupimwa, hata kisipokuwa na la kusema, na kituo kikuu huendelea kukirekebisha. Kwa njia hiyohiyo kituo huomba mgao: nina foleni ya ujumbe wa ukubwa huu, nahitaji vipande vingi kidogo, au, sina kitu kwa sasa, wape wengine. Kuna mgao wa kudumu ambao haunyang'anywi, kuna wa kuombwa, na kuna masalio yanayogawiwa bure wakati njia ina nafasi. Usiku wa manane zahanati moja inaweza kufurahia karibu njia nzima. Saa nne asubuhi, ofisi zote zikiwa wazi, hurudi kwenye kiwango ilichokilipia.

Sasa kuanguka. Sababu ni nyingi, na Morogoro inazo zote. Mvua ndiyo ya kwanza. Masafa ya C, yenye mawimbi ya sentimita 5 hivi na zaidi, huvumilia mvua za tropiki, lakini hutaka dishi kubwa na ghali. Masafa ya Ku, yenye mawimbi ya sentimita 2 hivi, hukubali dishi dogo, ila matone mazito huyanyonya. Ya Ka, yenye mawimbi mafupi zaidi, huumia zaidi. Jua lenyewe huangusha: katika siku za karibu na usawa wa usiku na mchana, Machi na Septemba, hupita nyuma ya setilaiti kwa dakika kadhaa kila siku, na kelele yake humeza sauti ndogo ya chombo. Kisha kuna umeme unaokatika, betri iliyochoka, nyani aliyekalia dishi, upepo ulioligeuza nusu nyuzi.

Kituo kilichoanguka hufuata sharti moja juu ya yote: kikipoteza mkondo wa kituo kikuu, kinyamaze papo hapo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa madhara huwapata hata majirani, kwa kuwa kituo kisichosikia hakijui tena saa ni ngapi, na kila kinachokirusha kitaangukia zamu ya mwingine. Kunyamaza huko ndiko kunakoilinda njia ili aliyeanguka akute kitu cha kurudia. Sijui sharti lililo gumu zaidi kwa binadamu. Tukipoteza habari, ndipo tunapopaza sauti.

Mvua ikiwa nyepesi, si lazima mambo yafike huko. Kituo kikuu huona ishara ya mmoja inafifia na humpunguzia mwendo: ujumbe wake husukwa kwa namna nzito zaidi, yenye ulinzi mwingi na maneno machache, ili upenye. Anakwenda polepole, lakini yumo. Wingu likipita, mwendo hurudi. Mvua ikishinda, kituo hunyamaza, na kituo kikuu humtunzia nafasi kwa muda fulani kabla ya kumfuta. Akirudi mapema, vipimo vyake vya zamani bado vinafaa, na anaingia kwa haraka. Akichelewa, huanza upya: kusikiliza, kujijengea saa, kukokotoa umbali, kubisha, kusahihishwa.

Huo ni urejeo wa mmoja. Ni mwepesi, kwa kuwa waliobaki wameshikilia mpangilio. Urejeo wa wote ndio unaopima mfumo. Umeme wa gridi ukikatika mkoa mzima na kurudi kwa sekunde moja, au kituo kikuu kikizimika na kuwaka, mamia ya vituo huamka pamoja. Vingi ni vya aina moja, kwa hiyo huchukua muda uleule kuwaka, na vyote hufika mlangoni kwa wakati mmoja. Hesabu ya hapo ni kali. Vituo vikibisha kwa wastani wa kimoja kwa kila kipande cha wazi, vipande 37 hivi kati ya 100 hufaulu, 37 hubaki vitupu, na 26 huharibiwa na mgongano. Vikibisha kwa wastani wa vitano kwa kila kipande, vipande vinavyofaulu havifiki hata 4 kati ya 100. Vilivyoshindwa vikijaribu tena mara moja, pamoja na vinavyoendelea kuamka, mlango unaweza kufungwa na wingi wa wanaobisha huku njia nzima nyuma yake ikiwa tupu.

Dawa ni kutawanyika. Kila kituo huchagua muda wa kusubiri kwa kubahatisha. Kikigongana, huchagua tena ndani ya muda mrefu zaidi, na zaidi tena, mpaka msongamano upungue. Kituo kikuu chenye busara huwatangazia wote jinsi ya kujitawanya kabla hawajabisha. Hakuna anayepewa kipaumbele kwa sauti kubwa. Anayebisha kwa pupa hujichelewesha yeye na wengine. Wote wakikubali kusubiri bila kujua ni sekunde ngapi, wote hurudi ndani ya muda mfupi. Wote wakitaka kuwa wa kwanza, hakuna anayerudi. Naona uzuri mkubwa katika kanuni hii. Bahati nasibu, ambayo kwingine ni adui wa haki, hapa ndiyo haki yenyewe, kwa kuwa haimjui mkubwa wala mdogo, benki wala zahanati.

Mnamo Mei 12, 2024 nchi yetu ilionja kuanguka kwa wote. Nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika katika eneo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ilififia kwa siku kadhaa huku makampuni yakihamishia mizigo kwenye njia zilizobaki. Tukio hilo lilitufundisha kitu kuhusu akiba. Taasisi yenye kiungo cha setilaiti kama njia ya pili hujiona salama, na huwa salama kweli siku ikianguka peke yake. Lakini njia ya pili iliyouzwa kwa wengi, kwa kutumaini kwamba hawataihitaji siku moja, ni njia ya pili kwa wachache tu siku wanapoihitaji wote. Masafa hayaongezeki kwa sababu ya dharura. Kinachoweza kuandaliwa kabla ni mpangilio: nani ana mgao usionyang'anywa, nani anasubiri, na wote wanarudi kwa taratibu gani.

Setilaiti mpya za chini, kama zile za Starlink zilizoanza kuhudumia Kenya mwaka 2023, zinazunguka kilomita mia kadhaa tu kutoka ardhini, na zimefupisha ile nusu sekunde kuwa kitu kidogo sana. Hazikuondoa kugawana. Kwa kuwa kila moja hupita angani kwa dakika chache, dishi lililo chini hulazimika kuhama kutoka moja hadi nyingine bila kupumzika. Kuingia na kuingia tena kumekuwa ndiyo maisha yake ya kawaida. Eneo moja lenye watumiaji wengi bado hugawana boriti moja ya mawimbi. Teknolojia hubadilika, hesabu ya mlango mmoja na wenye haja wengi inabaki.

Ndiyo maana nasema urejeo ndio kipimo cha kweli cha kitu cha pamoja. Siku ya jua kila mtandao ni mzuri, na kila utaratibu wa kugawana unaonekana wa haki. Uliza unavyokuwa baada ya dhoruba: je, walioanguka wananyamaza kiasi cha kuwaachia wenzao nafasi, na je, aliye katikati anampima kila mmoja kwa umbali wake kabla ya kumwambia amekosea? Maswali haya yanahusu mfereji, gari moshi, wodi ya hospitali na bajeti ya halmashauri sawasawa na yanavyohusu masafa.

Kwa anayesoma haya akiwa na dhamana ya zahanati, shule, ushirika au ofisi ya kata nyuma ya mgongo wa mlima, ninalo ombi. Ukiletewa mkataba wa intaneti ya setilaiti, usiridhike na kasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kasi hiyo ni ya saa ambayo wengine wamelala. Uliza tunagawana njia hii wangapi, kama ni 10, 20 au 40. Uliza kiwango ambacho hakishuki hata saa ya msongamano ni kipi. Uliza pia, umeme ukirudi mkoa mzima kwa pamoja, kituo chetu kinatarajiwa kurudi hewani baada ya dakika ngapi, na nani atawajibika kisiporudi. Majibu yote matatu yaandikwe ndani ya mkataba kabla hujaweka sahihi, na nakala yake ikae pale pale penye modemu, ambapo muuguzi au mwalimu wa zamu anaweza kuisoma.